Goti la Mjomba na Njia ya Kibuye

Nakumbuka juma moja zima nililokosa usingizi kwa sababu ya goti la mtu mwingine. Lilikuwa goti la kushoto la Mjomba Karoli, kaka wa mama yangu, ambaye wewe unamwita babu. Mwenyewe alikuwa chumba cha pili akikoroma kwa raha zake. Mimi ndiye niliyekodoa macho nikijiuliza: likigoma katikati ya mlima, mahali ambapo hata pikipiki haifiki, nitafanya nini? Nitambeba mgongoni, mzee mwenye mwili ule? Nitamkalisha kando ya njia nikakimbilie msaada? Na nikikimbia nikateguka mguu, nani atajua kwamba tumekwama wawili, kila mmoja mahali pake?

Mwanangu Keza, najua unacheka ninapokuita mwanangu. Nimekuzidi miaka michache tu. Sina mvi, sina mume, na cheti changu cha chuo kikuu bado kiko ndani ya bahasha kikingoja mtu wa kukitaka. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, na shangazi hasubiri mvi ndipo aseme na mwanawe. Juzi uliniandikia kwamba mkimaliza mitihani, wewe na wenzako mnataka kuitembea ile njia ndefu ya milimani inayofuata Ziwa Kivu kutoka hapa kwetu Gisenyi kwenda kusini. Ukaniomba nikutajie vitu vya kubeba. Nitakutajia. Lakini kaa kwanza nikusimulie jinsi mimi nilivyojiandaa, maana nilijiandaa vizuri kiasi kwamba nusura nisitoke nyumbani.

Unajua babu yako huyo alizaliwa Kongo, upande wa Masisi. Baba yake alikuwa ametoka milima ya Kibuye akiwa kijana, akahamia huko, na hakurudi tena. Jioni alikuwa akiwatajia watoto wake vilima vyote alivyokuwa akivipita kwa miguu alipokuwa akileta ng'ombe Gisenyi, kimoja baada ya kingine, na mtoto aliyeruka kilima kimoja alirudishwa mwanzo. Mjomba alivishika vyote kichwani. Aliporudi Rwanda mtu mzima, akapata kazi ya ofisi ya serikali, akafika Kibuye mara nyingi, lakini kwa gari.

"Nilipita kule na basi," alikuwa akisema. "Basi haihesabiki. Ndani ya basi unaona tu mugongo ya mutu mwenye ameketi mbele yako."

Halafu goti likaanza. Tulikwenda wote wawili kwa daktari Kigali, na daktari akasema litahitaji upasuaji, akampa tarehe. Mjomba akamuuliza swali moja tu: kama baada ya kupasuliwa ataweza kupanda milima. Daktari alikuwa mkweli. Alisema atatembea, barabarani atatembea vizuri, ila habari ya milima hawezi kumwahidi. Mjomba akauliza, na sasa hivi, kabla ya upasuaji? Daktari akasema atembee taratibu, akiwa na fimbo, na goti likimwambia asimame, asimame. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale, nikayasikia yote. Lakini nilichorudi nacho Gisenyi ni maneno mawili tu: siwezi kuahidi.

Kesho yake Mjomba akaniita barazani. "Solange, we ulisoma. Unipangie safari. Kutoka hapa mpaka Kibuye, kwa miguu, mbele wanipasue, siku yao haijafika."

Ilikuwa kazi ya kwanza kupewa tangu nimalize chuo. Nikaikamata kwa mikono miwili.

Nilipanga, mwanangu, nilipanga mpaka nikaugua. Niliingia mtandaoni nikasoma habari za watu wanaovuka milima ya nchi za mbali, kule ambako unaweza kutembea kutwa nzima bila kuona paa la nyumba. Wao wanabeba hema, nami nikaazima hema. Wao wanabeba dawa ya kusafishia maji, nami nikaitafuta mji mzima. Wao wanabeba filimbi ya kuitia msaada, nikanunua filimbi. Sikujiuliza itamwita nani. Huku kwetu ukipuliza filimbi kilimani watatokea watoto wa kila upande kukuuliza mpira unachezewa wapi.

Jumapili baada ya ibada nilimpandisha Mjomba njia za Mudende, katikati ya mashamba ya viazi, ili goti lizoee. Mimi mbele, yeye nyuma na fimbo yake, na kila baada ya hatua chache nageuka kumtazama anavyokanyaga. Wachunga ng'ombe wa kule walitusalimia, wakauliza tunapeleka wapi mgonjwa. Mara ya kwanza tulirudi salama. Mara ya pili goti likavimba usiku, likapoa kwa barafu na kitambaa baada ya siku chache, na yeye akalisahau. Mimi sikulisahau.

Hapo ndipo nilipoanza kuahirisha. Kwanza nilisema tungoje mvua zipungue, na mvua za hapa wewe unazijua, zinapungua zinapotaka. Zilipopungua nikasema viatu vyake havishiki vizuri kwenye tope. Kisha betri ya simu. Kisha nikasikia kuna mahali njia imekatwa na maporomoko, nikasema tungoje watengeneze, wala sikuuliza ni mahali gani. Kila sababu ilikuwa ya kweli kidogo, na ndiyo maana ilinifaa. Tarehe ya upasuaji ilikuwa ikisogea, na Mjomba alikuwa akitikisa kichwa tu, "Sawa, tungoje," huku akinitazama kwa namna ambayo sikutaka kuitafsiri.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimeichora njia yetu kwa ujanja ili tusikutane na ndugu. Usishangae. Wewe umekulia Kigali, hujawahi kukatiza vilima hivi na jina la ukoo mgongoni. Kuanzia Nyamyumba hadi Kibuye hakuna kilima kisicho na mtu wetu: shemeji, mtoto wa ba'mdogo, mtu aliyebatizwa siku moja na mama, mtu aliyewahi kutupa ndama. Ukimsalimia mmoja ukampita mwingine, umemtukana. Ukiingia kwa kila mmoja, kila mmoja atapika, atakukalisha, atamwita jirani aje akuone. Nikapiga hesabu zangu nikaona hatutafika Kibuye kabla ya upasuaji, labda kabla ya Krismasi. Na zaidi ya hayo niliogopa macho yao. Wangemwona Mjomba anavyoinua mguu ule, wangesema, wewe binti, una akili? Unamtembeza mzee hivi? Na mimi nisingekuwa na jibu, kwa sababu hilo ndilo swali nililokuwa nikijiuliza mwenyewe kila siku. Basi nikapanga tupite mapema sana, nyuma ya mashamba, tulale kwenye hema mahali pasipo na jamaa.

Siri hiyo ilifia Mahoko, siku ya soko. Nilikuwa nimekwenda kumtafutia Mjomba viatu vya mlimani kwenye mitumba, na nikavipata, vizito, vya ngozi, soli yake bado ina meno. Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kuuzia watu walio mbali.

"Hii kiatu ni ya mwanaume, dada. Unabebea bwana?"

"Ni ya mjomba wangu."

"Mujomba gani? Ule muzee Karoli, wa goti?" Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Yewe, muzee Karoli anapanda milima!"

"Sikusema anapanda milima," nikasema.

"Sasa kiatu ya mulima anavaa kwa kanisa?"

Wakacheka wote, hata mteja mmoja aliyekuwa akijaribu koti. Nikalipa haraka nikaondoka bila kungoja mfuko. Nadhani kama ningesema tu, ndiyo, anakwenda Kibuye, habari ingekufa pale pale. Kwa kuwa nilificha, ilipata miguu. Yule mama alikuwa anasali kanisa moja na Mama Mkubwa wa Nyamyumba.

Asubuhi iliyofuata pikipiki ikasimama langoni, akashuka Mama Mkubwa Verediana mwenyewe, dada mkubwa wa Mjomba na wa mama, na kitenge chake cha kwendea misibani. Hakusalimia. Mjomba alikuwa barazani na kikombe cha chai.

"Iko wapi?" akaniuliza.

"Nini, Mama Mkubwa?"

"Ile nyumba ya nailoni. Niione."

Sijui aliambiwa na nani habari ya hema, lakini nikalitoa. Akaligusa kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa samaki asiyemwamini.

"Donc, yaani mutalala ndani ya hii, kwa Nyamyumba, na mi niko na vitanda? Asubuhi majirani watasema nini? Watasema, Verediana alifukuza ndugu yake, muangalie, analala ndani ya mufuko!"

"Hata mi naiona leo," Mjomba akasema. "Ni muzuri. Iko na dirisha."

"Nyamaza, Karoli! Mulitaka kupita nyuma ya nyumba yangu kama watu wenye wameiba mbuzi!"

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia tukisimama kwake itabidi tusimame kwa kila mtu.

"Na musimame! Munakimbiza nini? Kuna gari inawaacha?" Akavuta kiti akaketi. "Na siku gani mulipanga?"

Hapo nikapata nguvu kidogo, maana tarehe hiyo niliifikiria sana. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Niliona asubuhi ile barabara zinakuwa tulivu, hakuna magari kabisa."

Mama Mkubwa akamtazama Mjomba, Mjomba akamtazama Mama Mkubwa. Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

"Ayii, Solange! Magari hayako kwa sababu watu wote wako kwa umuganda! Utapita mbele ya kijiji kizima, wameshika majembe, wanazibua mitaro, na we uko na begi kubwa kama mutalii, unawapungia mukono?"

Mwanangu, nilitamani kuingia ndani ya lile hema nikafunge zipu. Mimi niliyezaliwa hapa, niliyefagia na kulima kila umuganda tangu nipate umri wa kushika jembe. Nilikuwa nimesoma mwendo wa mawingu na uzito wa mabegi, nikasahau siku ambayo nchi nzima inatoka nje kufanya kazi. Hivyo ndivyo hofu inavyomfanya mtu. Inampa macho makali ya kuona yaliyoko mbali, halafu inamfunga ya karibu.

Lakini sikucheka nao. Maneno yalinitoka kwa sauti ambayo sikuipanga.

"Na akianguka? Mnacheka, lakini akianguka huko, nani ataulizwa? Mimi! Mtasema Solange ndiye aliyempeleka. Mtasema alikuwa amesoma, alijua, akampeleka."

Mama Mkubwa akafungua mdomo, lakini Mjomba akainua mkono.

"Iache, dada. Nimuambie mi." Akaweka kikombe chini. "Solange, kila asubuhi unasalimia goti. 'Goti limeamkaje? Goti limevimba? Goti umelipaka dawa?' Mi niko pale, nashika chai yangu, nangoja. Hakuna siku uliniuliza, Mujomba, na we umeamkaje?"

Mama Mkubwa akaguna kama anayetaka kucheka tena, lakini Mjomba hakuwa akitania.

"Ulipima mabegi. Ulipima mvua. Ulipima mpaka na kiatu. Mi hukuniuliza hata kitu moja. Uliogopa nitajibu nini?"

Sijawahi kukemewa hivyo, kwa sauti ya chini na bila hasira. Nilikaa nikalitafuta jibu, nalo likaja, likaniuma. Kweli sikumwuliza. Nilimwuliza daktari mwingine kwa simu, nikauliza wageni mtandaoni, nikauliza kijana wa duka la dawa. Mwenye goti sikumwuliza, kwa sababu nilijua angesema anataka kwenda hata kwa hatari, na baada ya hapo nisingebaki na sababu ya kuahirisha isipokuwa hofu yangu mwenyewe. Niliita hofu hiyo kumtunza.

Basi nikamwuliza. Nilisema, "Mjomba, likikataa njiani, wewe unataka nifanye nini?"

"Bon," akasema, akajinyoosha kwenye kiti kama mtu ambaye zamu yake imefika. "Hiyo ndiyo swali. Ikikataa hatujafika Kinunu, karibu nusu ya njia, tunashuka polepole mpaka kwa ziwa, tunangoja boti, tunarudi nyumbani. Sitalia. Ikikataa tumeshapita Kinunu, unaita moto, mutu wa pikipiki, ananipeleka kwa barabara ya basi. Na we unaendelea mpaka Kibuye. Unanisikia? We unaendelea. Utakuja kuniambia kama muzee alisema kweli."

"Na ukisema goti liko sawa kumbe haliko sawa?"

"Hapo uko na haki. Mi niko mubishi." Akafikiri. "Tutasimama kila mahali penye kuna watu. Kila tukisimama, unaniuliza mbele yao. Mi siwezi kudanganya mbele ya watu, wataniona tu nikisimama."

Alikuwa amelifikiri lote, Keza. Alikuwa nalo kichwani siku zote zile nilipokuwa nikihangaika na filimbi.

"Sasa ndiyo munaongea," Mama Mkubwa akasema. "Na mutasimama kwa nani, kama si kwa ndugu? Nani alikuambia mutu anapita kwa milima ya watu bila kusindikizwa? Mi nawasindikiza mpaka kwa shemeji yangu, kule kwenye kahawa. Ye atawafikisha kwa mutoto wake, juu. Mutoto atawafikisha kwa pasta. Kila mutu anajua kipande yake. Anajua wapi pako na utelezi, wapi moto inafika. We unajua?"

Sikujua. Nilikuwa na ramani kwenye simu, na ramani ilinionyesha mstari. Haikunionyesha kwamba kwetu mgeni haachiwi mlangoni aondoke mwenyewe. Mwenye nyumba huvaa viatu akamtoa, akamfikisha hadi mahali mwenzake anaweza kumpokea. Nimesindikizwa hivyo maisha yangu yote, hata nikitoka dukani, na sikuwahi kufikiri kwamba hiyo nayo ni njia ya kuvukia milima.

Usidhani nilikubali kila kitu. Mama Mkubwa alitaka niache pia dawa, bandeji na makoti ya mvua, akasema tutakunywa chai ya moto inatosha. Nikakataa, tukabishana, na katika hilo mimi ndiye niliyekuwa sahihi, kama mvua ilivyokuja kushuhudia baadaye. Nikamwekea sharti moja: katika kila nyumba chai tu, na kuketi kidogo. Akakubali kwa shingo upande, akachukua simu akaanza kuita kilima kimoja baada ya kingine, mtaa mzima ukisikia.

"Musiwapikie! Nasema musiwapikie. Chai. Hapana, na kuku hapana. Kuku iendelee kuishi. Karoli anapita, iko na goti, musimukalishe sana, atakauka!"

Tukaafikiana kuondoka Jumatatu.

Ningependa kukuambia kwamba nilitulia tangu saa ile. Sikutulia. Jumapili nilifungua begi na kulifunga tena mpaka zipu ikalalamika. Kila wingu lililokaa juu ya ziwa lilikuwa na habari yangu. Jumatatu alfajiri nikaamka nikasikia manyunyu kwenye mabati, na moyo wangu, nakuambia ukweli wote, ukafurahi. Nikasema, basi, si mimi, ni mvua. Nikasimama mlangoni na simu mkononi nikitazama utabiri wa hali ya hewa, nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba tubaki.

Mjomba alikuwa langoni tayari. Amevaa viatu vya Mahoko, ambavyo alikuwa akivivaa ndani ya nyumba siku nyingi ili vilainike, amevaa koti, ameshika fimbo. Angeweza kunihimiza, lakini hakunihimiza.

Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni. Ilikuwa ya kuahirisha, nzuri, yenye sababu. Nikaitazama simu, nikamtazama yeye, nikaona kwamba nikiitamka ile sentensi hatakataa. Atasema "Sawa, tungoje," atavua viatu, na siku ya upasuaji itafika, na hakuna mtu atakayenilaumu kamwe. Hakuna mtu atakayeanguka. Nitakuwa nimemlinda mpaka nimemnyang'anya.

"Mjomba," nikasema, "umeamkaje?"

"Nimeamka na hamu."

"Kuna mvua kidogo. Tunaenda au tunangoja?"

"Unaniuliza mi?"

"Nakuuliza wewe."

"Tunaenda."

Nikaweka simu ndani ya mfuko wa nailoni, nikafunga mlango, nikampa jirani ufunguo, nikabeba begi. Hema lilibaki juu ya kabati. Tukashika barabara ya kando ya ziwa kuelekea Nyamyumba, yeye mbele safari hii, mimi nyuma, kwa mwendo wake. Manyunyu yalituosha nyuso. Nilikuwa bado naogopa. Miguu yangu ilikuwa ikienda na kichwa changu kikipiga kelele, na niligundua kwamba inawezekana vyote viwili kufanyika kwa wakati mmoja.

Mama Mkubwa alitukuta barabarani, amekwisha kuvaa mabuti ya shambani, akatukataza hata kuingia ndani kwake kwa sababu, alisema, tukiingia atapika. Akatupandisha mwenyewe juu ya mlima wa kwanza, akimsema Mjomba njia nzima kwa kupumua kama lori. Pale juu, mbele ya shemeji wa kwenye kahawa na majirani zake waliokuwa wametoka kututazama, nilimwuliza Mjomba kama tulivyopatana. Akasimama kwa mguu ule wa goti watu wote wamwone, akaukunja, akaukunjua.

"Tuendelee," akasema. Nikaendelea.

Tulifika Kibuye, kipande kimoja tukiwa ndani ya boti, maana kuna siku goti lilisema hapana na sote tulilisikia. Yaliyobaki atakusimulia Mjomba mwenyewe ukija likizo.

Sasa mwanangu, uliloniomba. Viatu vyako vivae nyumbani mpaka mguu uvizoee, usiende na vipya hata kama ni vizuri namna gani. Soksi jozi za kubadilisha, zikae mahali pakavu. Koti la mvua hata kama anga ni safi. Dawa, bandeji, mafuta ya kupaka nyayo kabla hazijatoka malengelenge, maji ya kutosha kutoka nyumba moja hadi nyingine. Begi ulipakie, kisha utoe kitu kimoja ambacho ulikiweka kwa sababu ya hofu. Panda Mudende kabla, na ushuke pia, maana kushuka ndiko kunakoumiza. Toka asubuhi. Angalia kalenda isikuangukie siku ya umuganda. Wapigie ndugu simu wala usiwafiche. Waambie chai tu.

Na kuna jambo uliloligusia mwishoni mwa ujumbe wako kwa haraka, kana kwamba si kitu. Ulisema mwenzenu mmoja ana pumu, na mmefikiri ni heri msimwambie habari ya safari ili asijisikie vibaya. Mwanangu, hiyo nisingeiacha ipite. Keti naye mumwulize. Mwulize anataka kwenda, mwulize akibanwa kifua mfanye nini, mgeukie wapi, dawa yake ikae kwa nani. Labda atasema hapana, na hapana yake itakuwa yake. Labda atawaambia jambo ambalo ninyi wote hamkulijua. Usimpangie mtu mlima wake ukiwa umemwacha nje ya mlango. Na wewe mwenyewe usingoje siku ambayo hutaogopa, kwa kuwa mimi niliingoja na haikuja. Uliza unachopaswa kuuliza, mkubaliane mtageukia wapi, kisha mtoke.

Mungu akupe mvua inayovumilia mpaka ufike penye paa. Akupe pumzi kwenye mipando na akili kwenye miteremko. Na katika kila kilima utakachokifikia umechoka, akupe mtu wa kutoka nyumbani kwake akuambie, ngoja nivae viatu nikufikishe pale mbele. Nenda, mwanangu.